Mitishamba na ipimwe kabla ya kusifiwa

Kiswahili kimelibebesha neno 'dawa' mzigo mzito. Dawa ni kile anachoandikiwa mgonjwa na daktari, na dawa ni kile anachotegewa panya darini. Kuna dawa ya meno na dawa ya viatu, dawa ya mbu na dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mganga ana dawa yake, na hata anayetaka kupendwa huambiwa kuwa dawa ya mapenzi ipo. Neno hili, ambalo tulilipata kutoka Kiarabu pamoja na jirani yake 'sumu', halimwambii msikilizaji iwapo kitu kinachotajwa kinaponya au kinaua. Hayo huachiwa muktadha. Hata sheria ya nchi yetu inayosimamia biashara ya dawa, Sura ya 244, imeyaweka maneno hayo mawili katika jina moja, na chombo kinachoitekeleza huitwa Bodi ya Famasia na Sumu. Waliotunga jina hilo walifahamu kwamba baina ya dawa na sumu pana ukuta mwembamba, na kwamba ukuta wenyewe ni kipimo.

Nimelianza suala hili kwa upande wa lugha kwa kuwa mimi ni mwanaisimu, si mkemia, na kwa kuwa naamini lugha yenyewe inachangia hatari ninayokusudia kuijadili. Katika masoko yetu, kwenye vituo vya matatu na katika matangazo ya redio, dawa za mitishamba huuzwa kwa sifa tatu ambazo sasa zimekuwa kama wimbo: ni ya asili, haina kemikali, haina madhara. Mnunuzi akishazisikia sifa hizo, haulizi tena swali. Ilhali swali lipo, nalo ni hili: je, unga huu, magome haya, au maji haya ya chupani yamepimwa yakabainika kuwa hayana risasi, zebaki, aseniki au kadimiamu?

Tuzichunguze sifa zenyewe. 'Asili' maana yake ni chanzo, jinsi kitu kilivyokuwa tangu mwanzo. Kwa maana hiyo, risasi nayo ni ya asili, kwani imo ardhini tangu kuumbwa kwa dunia. Zebaki ni ya asili. Aseniki ni ya asili, na yapo maeneo ulimwenguni, kama vile Bangladesh, ambako maji ya visima yamewadhuru maelfu ya watu kwa aseniki iliyotokana na miamba, bila ya mkono wa mwanadamu kuitia humo. Ama neno 'kemikali', limegeuzwa likawa tusi. Maji ni kemikali. Chumvi ni kemikali. Uchungu wa mwarobaini ni kemikali, na lau kama jani lake lisingekuwa na kemikali yoyote, lisingeponya hata ugonjwa mmoja, seuze hayo maradhi arobaini yaliyoupatia mti huo jina. Anayesema kwamba dawa yake haina kemikali huenda anakusudia kusema kwamba haikutiwa kitu kiwandani. Lakini alichokisema sicho anachokikusudia, na mnunuzi husikia kitu cha tatu kabisa: kwamba yuko salama.

Hizo metali nzito ni nini, na zinafikaje katika mti wa dawa? Wataalamu hulitumia jina hilo kwa kundi la elementi, na hizo nne nilizozitaja ni zile ambazo mwili wa binadamu hauzihitaji, na ambazo nyingi zikiingia hukawia kutoka. Risasi hujificha katika mifupa kwa miaka mingi, na kwa mtoto mdogo hudhuru ubongo unaokua, akapungukiwa na uwezo wa kujifunza na kutulia. Kadimiamu hujikusanya katika figo. Zebaki hushambulia neva na figo. Aseniki, ikinywewa kwa muda mrefu, huleta vidonda vya ngozi na saratani. Ubaya mkubwa wa madhara haya ni kwamba huja polepole na hayana sura yake maalumu. Mtoto anaumwa tumbo, amepungukiwa na damu, hasikii darasani. Mzazi atasema ni minyoo, mwalimu atasema ni uvivu. Hakuna atakayeikumbuka ile chupa ya maji ya mizizi aliyonyweshwa kila asubuhi ili apate nguvu.

Mti hauna hiari katika jambo hili. Mizizi hufyonza maji pamoja na vilivyoyeyuka ndani yake, viwe virutubishi au viwe sumu. Miti nayo haifanani. Tumbaku hupenda kuilimbikiza kadimiamu katika majani yake. Mwaka 2001 watafiti nchini Marekani walitangaza kwamba aina moja ya jimbi, Pteris vittata, hufyonza aseniki kutoka ardhini na kuilimbikiza katika majani yake kwa kiasi cha kustaajabisha, na yenyewe ikaendelea kustawi. Kwa hiyo ule ushauri wa kuangalia iwapo mmea umenawiri hautoshi. Mmea unaweza kuwa na kijani cha kupendeza huku umebeba sumu.

Na udongo wetu je? Tulitumia petroli yenye risasi kwa miongo mingi hadi ilipoondolewa nchini kufikia mwaka 2006. Moshi umekwisha, lakini risasi iliyotua kando ya barabara haiozi wala haichakai. Ni elementi, na itakaa hapo hadi ihamishwe. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa karibu na jaa la Dandora, jijini Nairobi. Watoto 328 walipimwa, na nusu yao walikutwa na risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha hatari, yaani mikrogramu 10 kwa kila desilita. Kule Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu hiyo hiyo. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua amri hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Nayataja maeneo haya si kwa sababu kila mti wa dawa huchumwa hapo, bali kwa sababu mwarobaini, mshubiri na mlonge huota popote, na mchumaji asiyejua historia ya udongo huchuma popote.

Safari ya mti haiishii shambani. Magome huanikwa kando ya lami, yakapata vumbi la magari. Mizizi husagwa katika vinu ambavyo vyuma vyake vimelika. Dawa huchemshwa katika sufuria zilizosubiwa kutokana na vyuma chakavu, na utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa za Afrika na Asia umeonyesha kwamba sufuria za namna hiyo huweza kutoa risasi zikipikiwa vitu vyenye uchachu. Hapa pana dhana potovu ambayo ningependa walimu waiondoe: watu hudhani kwamba kuchemsha huua kila kitu. Kuchemsha huua vijidudu. Metali haina uhai, basi haifi. Maji yakipungua kwa moto, yenyewe hubaki na kuzidi ukali.

Hatuna budi pia kukiri kwamba kuna dawa ambazo metali hutiwa kwa makusudi. Mwaka 2004 jarida la chama cha madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti uliofanywa mjini Boston. Watafiti waliingia katika maduka ya kawaida ya vyakula vya Kihindi, wakanunua dawa 70 za Kiayurveda, wakazipima. Dawa 14, yaani moja katika kila tano, zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Katika utabibu huo limo tawi la kale ambalo huchanganya mitishamba na metali zilizochomwa zikawa majivu, kwa imani kwamba moto umeiondoa sumu. Utafiti wa kundi hilo uliofuata mwaka 2008 uliangalia dawa 193 zilizouzwa kwa njia ya intaneti, na matokeo yakawa karibu yale yale: moja katika kila tano.

Msomaji asije akadhani kwamba nawanyoshea kidole Waafrika na Wahindi pekee. Kisa cha kufundisha zaidi kinatoka katika utabibu wa Kizungu wenyewe. Kwa miaka mingi, akina mama wa Uingereza, Marekani na Australia waliwapa watoto wao poda ya kutuliza maumivu ya kuota meno. Ilikuwa rahisi, iliuzwa hadharani, na kila mama alikuwa amepewa na mamake. Wakati huo huo palizuka maradhi ya ajabu ya watoto. Mikono na miguu ilikuwa myekundu kama waridi na yenye kuwasha, mtoto hakulala, hakula, alikuwa na majonzi, na wengine walifariki. Madaktari waliwaza kwamba ni virusi, au ni upungufu wa vitamini. Jibu lilipatikana maabarani. Josef Warkany wa Cincinnati, Marekani, pamoja na mwenzake Donald Hubbard, waliupima mkojo wa watoto hao wakakuta zebaki, na mwaka 1948 wakayachapisha matokeo yao. Zebaki ilitokana na dawa iitwayo kalomeli, iliyokuwa imo katika poda ile ya meno. Ilipoondolewa madukani katika miaka ya 1950, maradhi yale yalitoweka karibu kabisa.

Tukizingatie kisa hicho. Mapenzi ya mama hayakumkinga mtoto. Desturi haikumkinga. Hata daktari mwenye macho makali hakumkinga, kwa kuwa jicho halioni zebaki iliyomo katika poda nyeupe. Kilichomkinga ni mtu aliyeamua kupima badala ya kukisia.

Na kupima kwenyewe kunafanywaje? Mtu huchukua sampuli kutoka sehemu mbalimbali za gunia, si gao moja la juu. Huikausha, huisaga na kuipima katika mizani ya maabara, kisha huiyeyusha katika asidi kali hadi ikawa maji matupu. Maji hayo hupulizwa katika ndimi za moto, na taa maalumu humulika kupitia moto huo. Kila elementi hufyonza mwanga wa aina yake peke yake, kwa hivyo kiasi cha mwanga kilichopotea hueleza kiasi cha risasi kilichomo. Mbinu hii iliasisiwa na Alan Walsh wa Australia katika miaka ya 1950. Siku hizi kuna mitambo iliyo mikali zaidi, na ipo pia ile itumiayo miale ya eksirei, ambayo haihitaji hata kuyeyusha sampuli. Ujuzi huo haujatupita: Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi ya sayansi ya nyuklia iliyoibobea mbinu ya miale, na Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI, ina watafiti ambao wameshughulikia mitishamba tangu miaka ya 1980.

Matokeo hulinganishwa na viwango. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2007, lilipendekeza kwamba mmea mkavu wa dawa usizidishe miligramu 10 za risasi na miligramu 0.3 za kadimiamu kwa kila kilo. Kwa mwanafunzi anayetaka kuziona nambari hizo kwa jicho la akili, na achukue gunia la kilo 90. Risasi inayoruhusiwa katika gunia zima haifiki gramu moja, kiasi cha chumvi cha kukaa kwenye ncha ya kijiko. Hakuna ulimi utakaoionja wala pua itakayoinusa. Zaidi ya hayo, kiwango hicho si ruhusa ya kunywa bila hesabu. Anayemeza gramu 10 za unga wenye kiwango hicho cha juu kila siku atakuwa amemeza mikrogramu 100 za risasi, ilhali mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeweka kikomo cha tahadhari cha mikrogramu 2.2 kwa siku kwa mtoto, kutoka katika vyakula vyote. Anayechemsha magome akanywa maji hupata sehemu tu ya metali iliyomo. Anayemeza unga hupata yote. Ndiyo maana njia ya kuitumia dawa ni sehemu ya kipimo.

Zipo hoja za kupinga, nazo zastahili kujibiwa kwa adabu. Ya kwanza husema: mababu zetu walitumia dawa hizi na hawakudhurika. Huenda ni kweli kwa wengi wao. Lakini babu hakuchuma muiri kando ya barabara kuu, wala hakuukuta udongo uliomwagiwa asidi ya betri. Dawa ni ile ile. Ardhi siyo ile. Aidha, madhara yanayochukua miaka 20 kujitokeza si rahisi kuonekana na jamii isiyokuwa na njia ya kuyapima.

Hoja ya pili ina uchungu zaidi. Husemwa kwamba kupima ni kuendeleza dharau ya mkoloni. Dharau hiyo ilikuwako, na sipuuzi jeraha lake. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 iliwatia waganga wengi katika kapu moja na wachawi, na Kiingereza kikawa na neno moja la kudhihaki lililochanganya mambo ambayo Kiswahili hakijapata kuyachanganya. Kwetu mganga ni mganga na mchawi ni mchawi. Lakini hebu tufikiri. Vidonge vinavyouzwa katika duka la dawa hutakiwa kupimwa kila vinapotengenezwa, toleo baada ya toleo, na hakuna anayesema kwamba mfamasia amedharauliwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeutambua utabibu wa jadi. Anayedai heshima sawa hana budi kukubali mizani sawa. Kwa maoni yangu, dharau halisi ni kuyaacha mamilioni ya wananchi yanywe kitu kisichopimwa kwa kisingizio kwamba hizo ni dawa zao za kienyeji.

Hoja ya tatu ni ya gharama, nayo ni ya haki. Mama anayeuza mizizi kwa vifungu sokoni hawezi kulipia maabara. Naam, na asilipishwe. Kaunti zilizo na masoko makubwa ya mitishamba zaweza kuchukua sampuli kwa zamu na kuzipeleka katika maabara za umma. Njia nafuu zaidi ni kupima udongo pale panapochumwa dawa kwa wingi, kisha wachumaji waambiwe wapi pachumwe na wapi paachwe. Bodi ya Famasia na Sumu husajili bidhaa za mitishamba zilizofungashwa. Kila iliyofungashwa na ionyeshe mti ulichumwa wapi, lini, na ulipimwa metali gani. Matokeo yakiwa mabaya, lengo la kwanza liwe kulijua chimbuko la sumu, si kumkamata muuzaji ambaye mara nyingi ni mhasiriwa wa kwanza wa dawa yake mwenyewe.

Hapa narudi katika uwanja wangu, maana matokeo yasiyoeleweka hayamlindi mtu. Katika Kiswahili, 'risasi' ni metali, na 'risasi' ni ile itokayo katika bunduki, kwa sababu ya pili ilitengenezwa kwa ya kwanza. Mzazi akiambiwa na muuguzi kwamba mtoto wake ana risasi mwilini, atakumbuka mtutu kabla ya kukumbuka chupa ya dawa. Muuguzi akikimbilia neno la Kiingereza, mzazi huyo hataelewa chochote, lakini atatikisa kichwa kwa heshima. Napendekeza tuseme 'metali ya risasi' na 'sumu ya metali ya risasi' kila tunapozungumzia afya, kama vile tunavyosema 'mafuta ya taa' ili yasichanganywe na mengine. 'Zebaki' tunayo tangu zamani na ni neno zuri. 'Aseniki' na 'kadimiamu' zimekwisha kuvaa kanzu ya Kiswahili. Kilichobaki ni kuzitumia. Vibandiko vya chupa viandikwe kwa lugha hiyo, na maneno 'haina madhara' yasiruhusiwe kuandikwa na mtu asiyeweza kuonyesha kipimo.

Walimu wana nafasi ambayo serikali haina. Mwalimu wa Kemia anayefundisha elementi kwa alama zake aweza kutumia kipindi kimoja kuuliza ni zipi kati ya hizo zilizomo katika betri, katika rangi ya ukutani, na katika vumbi la barabara inayopita mbele ya shule. Mwalimu wa Kiswahili aweza kuleta tangazo la dawa darasani, wanafunzi wakatenga sentensi zinazodai na sentensi zinazothibitisha. Nina hakika watakuta za kwanza zimejaa na za pili hazipo. Mwanafunzi aliyejifunza kutofautisha dai na ushahidi hatamkejeli nyanya yake anayechemsha majani jikoni. Atamuuliza kwa upole: bibi, majani haya umeyachuma wapi? Swali hilo dogo ni nusu ya kipimo.

Siandiki haya ili watu waikimbie mitishamba. Ndani ya miti yetu zimo dawa za kweli, na magome ya muiri yalisafirishwa kwenda Ulaya kutibu tezi za wazee kwa wingi hata mti wenyewe ukawekewa ulinzi wa kimataifa mwaka 1995. Kitu chenye thamani kama hiyo hakihitaji kukingwa dhidi ya mizani. Wahenga walituambia kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Inapokuwa tiba yenyewe ndiyo inayotiliwa shaka, kinga yake ni kuipima, na kuipima mapema, kabla hatujawakabidhi watoto wetu kikombe.